Hiki kimetoka wapi, na lini?

Usiku wangu wa tatu rigini, yaani kwenye mtambo wa kuchoronga mafuta baharini, nilidhani nimeona mafuta. Nilikuwa zamu ya saa sita usiku mpaka saa sita mchana, kazi yangu ilikuwa kuangalia chenga za mwamba zinazopanda kutoka chini ya bahari na tope la kuchorongea, lile linalozungushwa ndani ya shimo. Unachota kijiko cha chenga zilizooshwa, unazitandaza kwenye kisahani, unazima taa ya chumba alafu unaziweka chini ya taa ya ultravayoleti, kama kuna mafuta yanang'aa. Mepesi yanang'aa nyeupe inayoelekea bluu, ya kati njano, mazito yanaenda kahawia na mara nyingine huoni kitu kabisa. Sasa usiku ule kile kisahani kiling'aa, madoa manne matano hivi, meupe ya bluu, safi kabisa, moyo ukanidunda nikatoka mbio kwenda kumwamsha mjiolojia mkuu wa kisima, mzee wa watu alikuwa hajalala hata masaa mawili.

Alikuja bila kusema kitu. Akainama, akachukua kibanio, akaibana ile chenga moja inayong'aa akaipaka kwenye karatasi nyeupe, alafu akawasha taa ya kawaida. Ikaacha mstari wa kijivu unaoteleza, ndani yake kuna vumbi la metali linalometameta.

"Kijana, hii ni grisi ya mabomba."

Kila bomba la kuchorongea likiungwa na jingine nyuzi zake za skrubu zinapakwa grisi, na ile grisi ikiingia kwenye tope inapanda pamoja na chenga na inang'aa chini ya taa ileile kama mafuta ya ardhini. Nilitegemea angerudi kulala lakini hakurudi, alivuta kiti akakaa na mimi mpaka alfajiri. Akaniambia kila kitu ukikishika hapa kiulize maswali mawili kwanza, kimetoka wapi na ni cha lini, ukishajibiwa hayo ndo uulize habari ya mafuta, usianze na mafuta, ukianza na mafuta utayaona kila mahali.

Miaka imepita mingi, nimekaa rigini, nimekaa maabara, nimekaa mbele ya skrini za data za mitetemo, na bado naona makosa karibu yote niliyofanya mimi na niliyoshuhudia kwa wenzangu yalianzia pale mtu aliporuka swali mojawapo kati ya hayo mawili.

Kwa wale ambao hawajawahi kusogelea hii kazi, mafuta hayakai kwenye ziwa chini ya ardhi. Yanakaa ndani ya mwamba, kwenye vitundu katikati ya punje za mchanga au ndani ya mawe ya chokaa. Na hayakuzaliwa hapo, yalizaliwa kwenye mwamba mwingine, ule tunaouita mwamba mama, ambao mara nyingi ni tope jeusi lililogeuka jiwe. Unapoambiwa bahari ya kale usiwaze fukwe, waza sakafu ya giza ambako oksijeni haifiki, juu kule vijidudu na vijimea vya planktoni vinakufa vinashuka kama vumbi, huku chini hakuna wa kuvila wala cha kuvioza vizuri, tope linafunika, mwaka unapita, tope jingine linafunika. Kuna vipindi hali hii ilitokea kwenye bahari nyingi za dunia kwa wakati mmoja, kimoja maarufu ni cha miaka kama milioni 94 iliyopita, na sisi tukikuta tabaka jeusi la umri huo tunachangamka kweli.

Lakini tope jeusi peke yake ni mbichi. Lazima lipikwe. Kila kilometa 1 unayoshuka joto linaongezeka kama nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi, inategemea na eneo, na mafuta yanaanza kutoka pale joto linapofika kama nyuzi 60, yanatoka kwa wingi mpaka kwenye 120 hivi, ukipita 150 kinachobaki zaidi ni gesi. Mfano ninaoupenda mpaka leo ni Kimmeridge Clay, tope jeusi la bahari la miaka kama milioni 150 iliyopita. Liko wazi kwenye pwani ya Dorset kusini mwa Uingereza, unalishika kwa mkono, watu wa kule enzi na enzi walikuwa wanalichoma kama kuni maana linawaka kweli. Tabaka hilohilo likienda chini ya Bahari ya Kaskazini limefukiwa zaidi ya kilometa 3, na huko ndiko yalikotoka mafuta mengi ya ile bahari. Jiwe ni lilelile, moja limeiva jingine halijawahi kuona moto. Ndo maana ukiniletea jiwe jeusi ukaniambia lina mafuta nitakuuliza kwanza limetoka wapi, na limefukiwa kina gani, na kwa muda gani.

Swali la wapi linaanza na kitu kidogo kabisa ambacho vijana wanakipuuza, muda wa chenga kupanda. Biti, yaani ile ncha inayovunja mwamba, ikiwa kina cha kilometa 3 au 4 chini, chenga iliyovunjwa sasa hivi haifiki juu sasa hivi, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na wakati huo biti imeshaendelea kushuka. Ukikosea hesabu ya huo muda kila mfuko wa sampuli utaandikwa kina kisicho chake. Na hesabu ya kwenye karatasi haitoshi kwa sababu shimo halina upana mmoja, kuna sehemu limebomoka limekuwa pana. Tulichokuwa tunafanya, kama tope ni la maji, wakati wa kuunga bomba tunatupia ndani kipande cha kabaidi kilichofungwa kwenye karatasi, kikikutana na maji kinatoa gesi ya asetilini, unaangalia saa mpaka kipimo cha mashine ya gesi huku juu kiruke. Hapo ndo unajua ukweli wa lile shimo. Mi nilikuwa nafanya hivi hata pale hakuna aliyeniagiza, na kwenye kisima kimoja hili lilituokoa maana tuligundua tumeshaandika mifuko mingi kwa kina cha uongo, tukairudia yote, vidole vikavimba.

Alafu kuna vitu ambavyo binadamu anaviingiza mwenyewe. Tope likianza kupotelea kwenye nyufa wanamwaga vitu vya kuziba, maganda ya wolnati yaliyosagwa, maika, nyuzinyuzi za selulosi, vyote hivyo unavikuta kwenye kisahani. Na kuna wakati wanaweka ligniti, ambayo ni makaa machanga ya mawe, kurekebisha tope. Ukipeleka sampuli kama hiyo kupima kaboni, ile ya mabaki ya viumbe inayozaa mafuta, unapata namba kubwa mpaka unashangilia, kumbe umepima kilichomiminwa juzi. Mimi siku hizi kabla sijafungua sampuli yoyote naomba kwanza orodha ya vitu vyote vilivyomwagwa kwenye tope, siku kwa siku. Watu wananiona msumbufu, sawa.

Swali la lini nilifundishwa na mama mmoja wa maabara ya visukuku. Yeye alikuwa anakaa kwenye hadubini masaa sita saba, na brashi yenye unywele mmoja au nywele tatu ameilowanisha kwa maji, anaokota foraminifera. Hawa ni viumbe wa seli moja wenye gamba, wengi wadogo kama punje ya mchanga, na ukiwaona chini ya hadubini ni wazuri ajabu, kuna kama konokono, kuna kama kishada cha vipuli, kuna wenye ukingo mara mbili kama gurudumu. Kila zama ina wa kwake. Alinipa trei yake akaniambia mwanangu niambie hii ni ya lini, nikaangalia nikaona wengine wa zama za dinosaria na wengine wa baadaye sana, wote kwenye trei moja, nikamwambia mama hii imechanganyika haiwezekani kusoma.

Akanijibu inawezekana sana, ila lazima ujue kitu kinavyodondoka. Shimo liko wazi kwa juu, kuta zake zinamomonyoka, kwa hiyo kisukuku cha tabaka la juu kinaweza kudondoka kikaonekana chini, lakini cha chini hakiwezi kupanda kikaingia kwenye tabaka la juu ambalo limeshapitwa kabla biti haijakifikia. Basi wewe unaposhuka usihangaike na nani bado yupo, angalia nani ametokea kwa mara ya kwanza. Yule anayetokea mara ya kwanza ukishuka ndo alikuwa wa mwisho kuishi duniani kwa upande wa muda. Ilinichukua siku mbili kuielewa vizuri hiyo sentensi, na ilipoingia haikutoka tena. Mfano wake ulikuwa Globotruncana, kale kenye kingo mbili. Ukoo wake ulikufa wote miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria. Kwa hiyo unashuka, unashuka, hujaona hata kimoja, ghafla unaokota cha kwanza, hapo umeshauvuka ule mpaka, umeingia kwenye Kretasia, zama ya mwisho ya dinosaria, bila kipimo cha gharama yoyote, na brashi tu.

Chumba cha pili chake kilikuwa cha chavua na spora. Pale unayeyusha mwamba kwa asidi ya haidrofloriki, kinachobaki ni vitu vya mimea na kaboni. Nisimame kidogo hapa kwa sababu nimeona watu wanacheza na hii asidi kama vile ni siki. Hii asidi inaweza isikuume wakati inakugusa, inapenya ngozi inaenda kukamata kalsiamu ndani ya mwili na inaweza kuua moyo, kwa hiyo gel ya kalsiamu glukoneti inakaa mezani palipo karibu na mkono wako, haikai kwenye kabati la chumba kingine, na haufanyi kazi peke yako. Yule mama alikuwa haanzi mpaka ameigusa ile tyubu kwa kidole chake mwenyewe, kila siku.

Chavua ikishatoka inakupa vitu viwili, umri na moto. Chavua ambayo haijapikwa ni njano hafifu, ikipata joto inakuwa rangi ya chungwa, alafu kahawia, mwisho nyeusi. Unaangalia tu rangi unajua mwamba huu umefika wapi kwenye safari ya kuiva. Baadaye unathibitisha kwenye mashine ya Rock-Eval, ilitengenezwa Ufaransa miaka ya 1970 kwenye taasisi yao ya petroli. Inachukua unga wa mwamba kiasi kidogo sana, chini ya gramu 1, inauchoma polepole bila oksijeni. Kwanza inatoa mafuta ambayo tayari yapo, alafu inatoa yale ambayo mwamba ungeweza kuyazaa kama ungepikwa zaidi, na joto la kilele cha hayo ya pili linakuambia umeiva au bado, chini ya nyuzi 435 (joto la mashine hilo, si la ardhini) kwa kawaida ni mbichi. Kaboni ikiwa chini ya nusu asilimia mi sijisumbui, ikipita asilimia 2 naanza kukaa sawa kwenye kiti. Lakini namba hizo nisingeziamini hata moja bila kujua rangi ya chavua imesema nini. Zikipishana, kuna kitu kimeingia kutoka sehemu nyingine, rudi kwenye wapi.

Data za mitetemo sitaziongelea sana maana watu wengi wanazijua, meli inavuta nyaya ndefu za kilometa kadhaa zenye vinasa sauti, inapiga mlio wa hewa, mwangwi unarudi. Ninachotaka kusema ni kwamba ile picha nzuri haipimi mita, inapima muda wa sauti kwenda na kurudi, na sauti inakimbia kwa kasi tofauti kwenye kila mwamba. Chumvi ndo mbaya zaidi, sauti inapita haraka kwenye chumvi kwa hiyo kilicho chini yake kinaonekana kimenyanyuka kama kilima wakati hakuna kilima. Kule Brazili akiba kubwa kama ya Tupi ilikaa chini ya chumvi nene ya karibu kilometa 2, ndani ya bahari yenye kina cha kilometa 2 hivi, kwenye chokaa za wakati Afrika na Amerika Kusini zinaachana, na ilibidi kujifunza kuona kupitia chumvi ndo ikapatikana mwaka 2006. Na ile alama inayong'aa kwenye picha ambayo wote tunaipenda, gesi kidogo isiyo na faida inaweza kuitoa karibu sawa na gesi nyingi. Bado inang'aa tu, kama ile grisi.

Sasa nije kwenye kisima kilichoniuma.

Tulikuwa na kila kitu. Mwamba mama ulishapimwa kwenye visima vya jirani, umeiva. Mchanga ulikuwepo, mnene, punje zimechambuka vizuri, vitundu vingi. Juu yake mwamba wa matope mzito wa kuziba. Mtego, yaani mahali ambapo mafuta yakipanda yananaswa, ulionekana kwenye mitetemo, ubavu wa mchanga umeegemea ufa mkubwa uliokata matabaka. Tuliandika ripoti nzuri, mi mwenyewe niliandika sehemu ya umri. Tukachoronga. Mchanga tukaukuta palepale tulipousema, na chenga zake zina rangi ya kahawia ya mafuta, kila mtu rigini anatabasamu, alafu vipimo vya umeme vikashushwa vikasoma maji ya chumvi. Juu mpaka chini maji.

Mambo kama haya yana historia. Kisima cha Mukluk, kwenye bahari ya Beaufort kaskazini mwa Alaska, mwaka 1983, ukijumlisha malipo ya vitalu na kuchimba na kile kisiwa cha changarawe walichokijenga inapita dola bilioni 1, watu waliamini wanaenda kupata kama Prudhoe Bay, akiba kubwa ya mafuta ya Alaska iliyogunduliwa 1968. Wakakuta mchanga umelowa alama za mafuta na maji ya chumvi. Mafuta yalikuwepo, yakaondoka. Nilikuwa naijua hiyo stori tangu chuoni, naweza kuisimulia hata usiku, na bado sikuiuliza ripoti yetu lile swali la lini kwa ule ufa. Tuliuliza mwamba mama ni wa lini, mchanga ni wa lini, mfuniko ni wa lini. Ufa tuliukuta upo tukaukubali.

Wiki zilizofuata watu walihamia kwenye mambo mengine. Mimi nilimuomba bosi anipe vipande vichache vya mchanga ule nivikate vipande vyembamba vya kubandika kwenye kioo. Nilitaka kuangalia ndani ya punje. Kwa sababu kwartzi inapoendelea kukua kwenye mchanga, ikijaza nyufa zake na kujiongezea ukuta, inafunga vitone vidogo vya chochote kilichokuwepo siku hiyo, kama ni maji inafunga maji, kama ni mafuta inafunga mafuta, na vikishafungwa havitoki. Niliweka kipande kwenye hadubini yenye taa ya ultravayoleti, nikazima taa ya chumba, na ndani ya punje, kwenye mstari wa ufa mdogo wa punje yenyewe uliopona, kukawa na vitone vinang'aa, vidogo sana, vimejipanga kama shanga, vyeupe vya bluu. Rangi ileile ya usiku wa tatu rigini. Ila hivi vilikuwa ndani ya fuwele, hakuna bomba lililofika humo, hakuna tope, hakuna mkono wa mtu. Swali la wapi lilikuwa limejibika.

La lini linahitaji uvumilivu. Pembeni ya vitone vya mafuta kuna vitone vya maji vilivyofungwa wakati uleule, na ndani ya kila kitone kuna kipovu kinachochezacheza, kwa sababu kimiminika kilifungwa kikiwa na moto kikapoa kikasinyaa. Unaweka kioo kwenye kitako maalum cha hadubini kinachopashwa joto, unaongeza joto taratibu, nyuzi moja moja, jicho kwenye lenzi. Kipovu kinapungua. Kinakuwa nukta. Kinatetemeka, alafu hakipo, na joto la muda huo linakaribia lile la siku maji yalipofungwa. Nilifanya vitone vingi kwa siku nyingi, macho yakawa yanatoka machozi, vingi vilipotelea kwenye nyuzi tisini na kitu. Nikaenda kwenye historia ya kufukiwa kwa yale matabaka, mchanga ulifika joto hilo lini, alafu nikalinganisha na umri wa ufa kwa kutumia visukuku vya tabaka la juu kabisa ambalo ule ufa umelikata.

Mafuta yalikuja kwanza. Ufa ulikata baadaye sana, miaka mamilioni baadaye, ukafungua njia, mtego tuliouchimba sisi ulikuwa mlango wa kutokea.

Nilimpigia simu yule mzee, alikuwa ameshastaafu, nikamwelezea kila kitu mpaka rangi ya vile vitone. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo yalienda wapi?" Nikamwambia mzee hilo ndo ninaloshughulika nalo sasa. Kwa wiki ile nzima nilikuwa nimefungua ramani ya mchanga uleule upande wa juu wa mteremko, natafuta sehemu ambayo ina mfuniko na ambayo ule ufa haujaifikia, na nimeomba sampuli za kisima cha zamani kilichochimbwa upande huo, mifuko yake ilikuwa bado ipo stoo. Ilipofika nilianza na orodha ya tope.